Kadi ya Bima ya Marehemu Kidogo

Si zamani sana, wala si mbali sana, palikuwa na nchi iitwayo Bayana. Tuseme mapema kwamba nchi hiyo si hii, ili wale wenye haraka ya kufananisha wapumzishe vidole.

Bayana ilikuwa nchi ya ukweli. Neno hilo liliandikwa kwenye noti, kwenye mabango ya barabarani na kwenye kanga za sikukuu. Mtu akiingia ofisi yoyote, karani humwambia, "Ukweli!" naye sharti aitikie, "Uwekwe wazi!" ndipo aambiwe arudi kesho.

Serikali ya Bayana iliwapenda watu wake mno, kwa hiyo ikawaanzishia Mfuko wa Bima ya Kila Mtu Isipokuwa. Jina hilo halikukatika kwa bahati mbaya. Kamati ya kulimalizia ilikuwa bado inakutana katika hoteli moja ya ufukweni, ikitafuta watu wa kuwaweka baada ya neno la mwisho, na kila kikao kilipata wapya.

Mwenye kadi ya Mfuko alipita geti kuu la Hospitali ya Taifa. Asiye na kadi naye alikuwa na geti lake, maana Bayana haikumbagua mtu. Geti hilo lilichorwa ukutani, upande wa mashariki, na msanii aliyesomea ng'ambo. Lilikuwa zuri kuliko lile la kweli: lilikuwa na bawaba, lina kitasa, lina hata mlinzi anayetabasamu. Wagonjwa walikaa mbele yake kutwa, na Wizara iliwaandika kwenye ripoti kuwa ni watu waliofika hospitali.

Mwalimu Sikudhani alilijua vizuri geti la rangi. Jirani yake, Mama Tausi, alijifungulia pale. Alisimulia baadaye kwamba uchungu ulipozidi alinyoosha mkono ashike kitasa, akapapasa ukuta.

Sikudhani alikuwa mwalimu wa chekechea. Sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba watoto wake walijifunza kunyamaza ili wamsikie, jambo ambalo wakaguzi waliliandika kuwa ni mbinu ya kisasa. Sasa alikuwa na mimba ya kwanza, tumbo limekuja juu, na muuguzi wa kliniki alipompapasa alitikisa kichwa.

"Mwalimu, huyu mwanao amekingama. Amejilaza kama mtu anayetazama televisheni. Huyu hatoki kwa kubembelezwa, atatoka kwa kisu. Tafuta kadi mapema, usije ukampeleka ukutani."

Ndiyo sababu Sikudhani, ambaye hata kuagiza nyanya gengeni alikuwa akisubiri wengine wamalize, alijikaza akaenda kwenye Ukumbi wa Maombi ya Bima.

*

Ukumbini watu walijaa hadi madirishani. Karani mkuu, Bwana Kapilima, mtu mwembamba mwenye koti la mtu mnene, alisimama jukwaani na kipaza sauti. Zamani waombaji walihojiwa mmoja mmoja, lakini ilionekana kwamba wote wanajibu sawa, basi Mfuko, kwa kubana matumizi, ukaamua wajibu pamoja. Majibu yenyewe yalikwisha kupigwa chapa kwenye fomu tangu kiwandani. Ilibaki kuyatamka tu.

"Ukweli!" alinguruma Kapilima.

"Uwekwe wazi!"

"Umewahi kuugua moyo?"

"Hapana!" waliitikia, na mzee wa safu ya pili aliitikia huku amejishika kifua.

"Umewahi kuugua pumu?"

"Hapana!" Safari hii jibu lilikuja na miluzi.

"Una ulemavu wowote?"

"Hapana!" alisema kwa sauti kuliko wote bwana mmoja aliyekaa mbele kabisa, kwenye kiti chake cha magurudumu.

Juu ya kichwa cha Kapilima ilining'inia picha ya Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko, Daktari wa Heshima Ngurumo Mbelwa, aliyepigwa kwa upande. Picha zake zote zilipigwa kwa upande huo. Upande wa pili wa shingo Mheshimiwa alikuwa na nundu kubwa kama dafu, ambayo kwa mujibu wa fomu yake mwenyewe haikuwepo. Watumishi wake waliifunika kwa skafu na kuiita kola.

"Umewahi kuwa na uvimbe wowote mwilini, ukatolewa au usitolewe?"

"Hapana!"

Na baada ya "hapana" hiyo kubwa kutua, ikasikika sauti moja ndogo, kama ya mtu anayeomba radhi kwa kupita mbele za watu.

"Ndiyo."

Hakukusudia. Alikuwa amefanya mazoezi ya "hapana" tangu asubuhi, akiwa anachana nywele. Lakini kila siku ya kazi Sikudhani huwasimamisha watoto wa chekechea na kuwauliza ni nani aliyemwaga uji, na hawaachii hadi mmoja ainue mkono mwenyewe. Mdomo uliozoea kuuliza vile uligoma kujibu vingine.

Ukumbi ulizizima. Hata feni, ambalo kwa kawaida lilizunguka bila kupepea, lilisimama kabisa.

"Nani kasema hivyo?" aliuliza Kapilima.

Mama aliyekaa nyuma ya Sikudhani alimfinya mkono. "Dada'ngu, kohoa," alinong'ona. "Kohoa upesi, tutasema ulikuwa unakohoa."

Safu nzima ikaanza kukohoa kumwonyesha mfano. Sikudhani hakukohoa. Alijaribu, lakini koo lilikuwa safi.

Kapilima alishuka jukwaani akaja hadi mbele yake. "Umesema ndiyo, kwa maana ya ndiyo?"

"Ndiyo, kaka."

Karani aligeuza fomu huku na huku kutafuta mahali pa kuandika neno hilo. Hapakuwepo. Akaliandika kiganjani.

"Uko wapi huo uvimbe?"

"Ulitolewa nikiwa bado chuoni. Ulikuwa mgongoni, chini ya bega, mdogo tu, kama kokwa la zambarau. Daktari akaupima akasema si saratani, hauna hatari yoyote. Nilirudi bwenini siku ile ile."

"Huyo daktari alikaa nao muda gani?"

"Kuutoa? Haikufika hata saa, kaka."

"Na wewe ulikaa nao?"

"Kama miaka miwili."

Kapilima aligeukia umati na kutanua mikono. "Mmesikia? Mtu kaonana naye haijafika saa, anamwandikia kwamba hana hatari! Hata mpangaji wa chumba hapokelewi hivyo. Mtaani kwenu nani anaufahamu?"

Hapa inafaa wasomaji wa nchi nyingine waelezwe. Bayana hakikuaminika kitu bila barua ya mjumbe wa mtaa. Uoe, ufungue akaunti, uandikishe mtoto shule, umzike baba yako: kwanza mjumbe aandike kwamba unafahamika. Daktari anaweza kuwa amesoma mpaka macho yakachoka, lakini hakai mtaani kwako, atajuaje?

"Lete barua ya mjumbe," alisema Kapilima, "inayoonyesha kwamba uvimbe huo uliishi hapo kwa amani na ulikuwa na mwenendo mzuri. Bila hiyo, Mwalimu, wewe ni wa Isipokuwa."

*

Nyumbani, mumewe Hemedi, fundi wa kuchomelea mageti, alimsikiliza huku miwani ya kazi ikiwa utosini.

"Mke wangu, ungesema hapana tu."

"Si ingekuwa uongo?"

"Siyo uongo, ni jibu. Pale hawaulizi wapate kujua. Wanauliza ili wajibiwe."

"Nilijua, Hemedi. Lilinitoka tu."

Hemedi alilitazama tumbo, akamtazama mwenyewe, akakosa la kumlaumu. Alichukua kitambaa akaanza kufuta kiti ambacho hakikuwa na vumbi. "Nimechomelea mageti nusu ya mji huu," alisema mwishowe. "Lile la pale ukutani ndilo pekee nisiloweza kulivunja."

Kesho yake walikwenda kwa mjumbe.

Mama Kizota, mjumbe wa mtaa, alifanyia kazi za serikali barazani kwake, mbele ya karai la vitumbua. Muhuri aliufunga kwenye pindo la kanga. Kidau chake cha wino kilikauka katika utawala uliopita na maombi ya kipya yalikuwa bado yako wizarani, kwa hiyo kila alipotaka kugonga aliuchovya muhuri kwenye masizi ya karai, akaupulizia pumzi ya moto, *haa*, kisha akagonga. Muhuri uliandikwa TUNAMFAHAMU.

"Barua ya nani?" aliuliza akigeuza kitumbua.

"Ya uvimbe wangu, Mama Mjumbe. Wa zamani."

Mama Kizota hakushtuka. Mwezi uliopita alimwandikia barua mbuzi aliyetakiwa kushuhudia ajali. "Jina?"

"Haukuwa na jina."

"Mwanangu, nitaandikaje? Tunamfahamu, tunamfahamu nani? Mpe jina."

Sikudhani aliona haya. Alifikiri kidogo, na jina likaja lenyewe. "Kidogo."

"Kidogo. Vizuri, ni jina la kistaarabu. Mwanamume au mwanamke?"

"Sikumuuliza, Mama."

"Tutaandika ndugu. Haya. Huyu Ndugu Kidogo, alipokuwa hapa mtaani, alikuwa anakuja msibani?"

"Kila nilipokwenda alikuwepo."

"Doria za usiku je?"

"Hakuwahi kwenda."

Kijiti cha kugeuzia kikasimama hewani. "Hapo pana doa."

"Mama Mjumbe," Hemedi aliingilia, "na mimi nilikwenda doria zote. Ilikuwa kabla sijamwoa, lakini mhesabu ni wa familia."

"Doa limefutika. Mashahidi?"

Majirani walikuwa wamekwisha kusogea, kama kawaida ya majirani harufu ya vitumbua ikichanganyika na harufu ya mambo ya watu. Mzee Lukanga, kinyozi, alikuwa wa kwanza.

"Mimi namfahamu sana Kidogo," alisema. "Mtu kimya. Sijawahi kumsikia akimtukana mtu."

"Wala kukopa," alisema Mama Tausi. "Miaka yote ile, hajawahi kuja kwangu kuomba chumvi."

"Alikuwa hajionyeshi!" aliongeza mwingine, ambaye alikuwa amehamia mtaa huo wiki iliyopita. "Siyo kama hawa wa siku hizi."

Sikudhani alisimama katikati yao macho yamemjaa maji, na hakujua ni ya kicheko au ya kitu kingine. Hakuna aliyewahi kumsifia kitu chake kwa maneno mengi namna hiyo. Mama Kizota akachovya muhuri, akaupulizia *haa*, akagonga.

*

Kapilima aliisoma barua ile kwa sauti, mara mbili, mara ya pili akiwa amesimama.

"Barua ni nzuri mno," alisema. "Wapo mawaziri wasio na barua kama hii. Swali moja tu. Ndugu Kidogo yuko wapi sasa?"

"Hospitali waliuchoma, kaka. Huwa wanachoma."

"Amefariki?"

"Nadhani."

"Mwalimu! Raia mwenye mwenendo huu, afariki, achomwe, mtaa haujui, matanga hayajakaliwa? Nani atasaini kwamba amefariki kweli na hatarudi? Mfuko unaogopa sana wanaorudi."

Basi matanga yakakaliwa. Hemedi alikodi viti na turubai. Wanawake walikuja na masufuria yao, wanaume wakaleta karata za kusogezea muda, na kwa kuwa hakuna aliyemkumbuka marehemu, kila mtu alisimulia msiba wake mwenyewe. Bibi mmoja alimlilia mumewe aliyekufa mwaka wa mafuriko. Mzee Lukanga alimlilia mbwa. Pilau ilipoiva walikuwa wamelia kwa uchungu wa kweli, na wengi walisema hawajahudhuria msiba mzuri kama ule.

Mfuko ulimtuma Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu mwenyewe alete salamu za rambirambi, kwa sababu uchaguzi ulikuwa karibu na mtu aliyekufa huwa na jamaa wengi. Alifika kwa msafara, kola imefungwa skafu ya hariri. Alipoinamia kipaza sauti, kola ilikigonga, *du*, na watu wote wakatazama angani.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Marehemu alikuwa mfano! Alikaa mahali pamoja! Hakudai kupandishwa! Alipotakiwa kuondoka, aliondoka bila ubishi wala maandamano! Ni wangapi kati yetu wanaoweza kusema hivyo? Nchi hii haina uvimbe, ndugu zangu. Ulikuwepo mmoja tu, nao ulikuwa mzalendo!"

Makofi yalipigwa hadi turubai likatikisika.

Baadaye, wakati wasaidizi wake wanafungasha pilau ya Mheshimiwa, Mkurugenzi aliomba kumpa pole mfiwa faraghani. Walisimama nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya kuanikia nguo. Sikudhani alitazama ndara zake. Mheshimiwa alitazama nguo zilizoanikwa.

"Iliuma?" aliuliza. Alikuwa ameishusha sauti mpaka ikawa ya mtu wa kawaida, tena mwenye woga.

"Haikuuma, Mheshimiwa. Walinichoma sindano ya ganzi. Daktari alikuwa ananisimulia mechi ya Jumapili, na kabla hawajafunga bao la pili akawa amemaliza."

"Na ukilala, kabla ya hapo... ulikuwa unaupapasa?"

"Kila siku. Nilikuwa naogopa mpaka siku niliyoambiwa si saratani. Kuogopa ndiko kulikoniuma, Mheshimiwa, kuliko kisu."

Mkono wa Mheshimiwa ulipanda polepole hadi kwenye skafu. "Huyo daktari," alisema, "bado yuko..."

Msaidizi alitokeza na bakuli la kunawia.

"Nchi hii," alinguruma Mheshimiwa, akishusha mkono kama aliyepigwa na umeme, "haina uvimbe!" Akaondoka kwa msafara.

*

Kadi ilitoka wiki ile ile. Sikudhani aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma, akaisoma tena.

"Kaka Kapilima, hapa pameandikwa, mwanachama mkuu: Marehemu Kidogo."

"Ndiyo." Kapilima aling'aa. Alikuwa amepandishwa cheo kwa kazi hiyo, na koti lilikuwa limeanza kumwenea. "Bodi ilipitia majalada yote mawili, lako na lake. Wewe umewahi kuwa na uvimbe. Yeye hajawahi. Wewe una mimba iliyokingama. Yeye hana hata mafua. Ana barua, ana mwenendo, na tayari amekwisha kufa, hawezi kuugua tena. Mfuko umekuwa ukimtafuta mwanachama wa namna hiyo tangu uanzishwe."

"Na mimi?"

"Geuza."

Aligeuza. Nyuma, kwa herufi ndogo, pameandikwa: *Tegemezi wa marehemu: Sikudhani, mwalimu.* Mahali pa picha palikuwa na picha ya mgongo wake, ule mstari mdogo wa kovu chini ya bega, uliopigwa vizuri na kwa mwanga wa kutosha.

"Kwa hiyo getini nitapita?"

"Utapita kwa heshima zake."

Hemedi alipoiona kadi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, akaifunga kwenye nailoni isilowe, akaiweka juu ya kabati wanapoweka vitu vya thamani.

Siku ilipofika ilifika mchana, saa ya chakula cha walinzi. Hemedi alimshika mkewe kwapani hadi geti kuu. Kwa mbali, upande wa mashariki, watu walikaa mbele ya lile geti jingine, na Sikudhani aliinamisha kichwa asiyaone macho yao.

"Mwanachama mkuu yuko wapi?" aliuliza mlinzi, mdomo umejaa muhogo.

"Amefariki," alisema Sikudhani, akibana meno.

"Loo, pole sana, dada. Ndiyo mipango ya Mungu. Alikuwa nani yako?"

"Alikuwa..." Uchungu ulimkata. "Alikuwa wa karibu."

"Pita, dada'ngu. Pita ukajikaze." Na geti, lile la chuma, lile lenye bawaba zinazolia kwa kukosa mafuta, likafunguka.

*

Mtoto alitolewa salama, wa kike, akiwa bado amejilaza vile vile na akionekana kukerwa na aliyezima televisheni. Kesho yake wodini palikuwa na wageni. Mama Kizota alikuja na chupa ya uji na bakuli la vitumbua, akakaa kwenye ukingo wa kitanda na kumpakata mtoto kama mtu aliyekuja kikazi.

Ndipo alipoingia Kapilima. Cheo chake kipya kilikuwa Afisa Ufuatiliaji wa Ukweli Wodini, na koti lilikuwa jipya.

"Ukweli!"

"Uwekwe wazi!" waliitikia wazazi kutoka vitandani mwao, wengine kwa kuguna.

"Swali la kawaida, Mwalimu, kila anayetumia kadi anaulizwa." Akafungua jalada. "Tangu kadi itolewe, kuna kitu chochote kilichokua ndani ya mwili wako kikatolewa? Kumbuka, kikiwepo kisicho na barua, kadi inasimama palepale, na mgonjwa anahamishiwa huduma ya upande wa mashariki."

Wodi nzima ilielewa. Wazazi wote, kitanda hadi kitanda, waliinua vichwa, na kwa sauti moja ya kumsaidia wakasema, "Hapana!"

"Hapana," alisema Hemedi, ameshika chuma cha kitanda mpaka vidole vimebadilika rangi. "Mke wangu. Tafadhali."

Mama wa kitanda cha jirani alianza kukohoa. Mwingine akamwitikia. Kikohozi kikazunguka wodi.

Sikudhani alimtazama mwanawe. Mshono uliuma alipogeuka. Mtoto alikuwa amefumbua jicho moja, akimtazama kwa makini, kama wale watoto wa chekechea wanapongoja kuona nani atainua mkono. Angeweza kusema hapana. Ni neno dogo, limepigwa chapa tangu kiwandani. Lakini kulisema ilikuwa ni kumwambia yule aliyempapasa kila jioni kwa miezi yote ile kwamba hakuwepo.

"Ndiyo," alisema. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alilisema kwa sauti ambayo watu wa mwisho wa wodi waliisikia bila kunyamaza.

Kikohozi kilikatika. Hemedi akafumba macho.

Kapilima alitoa kalamu kwa huzuni. "Ukubwa wake?"

"Kilo tatu na robo."

"Kilikaa muda gani?"

"Miezi tisa."

"Ulikuwa unakijua?"

"Tangu siku ya kwanza kilipocheza."

"Kina hatari?"

Mtoto alipiga mwayo, kinywa chote, fizi tupu.

"Hakina," alisema Sikudhani.

"Barua ya mjumbe iko wapi?"

Hapakuwa na barua. Hapakuwa hata na karatasi. Katika wodi za Hospitali ya Taifa karatasi zote zilikwisha kwenye ripoti. Kapilima alikuwa tayari anawaita wapagazi kwa mkono wakati Mama Kizota alipofungua pindo la kanga.

Alitafuta kitu cha kuandikia, akakosa. Aliusugua muhuri chini ya bakuli la vitumbua, lililokuwa limebeba masizi ya kutosha ya karai, akaupulizia, *haa*, mpaka ukapata joto la mkono. Kisha akamshika mtoto mguu mmoja, akaunyoosha, na akagonga kwenye unyayo.

Mtoto alilia kwa hasira, kilio kikubwa cha mwenye haki zake.

"Soma," alisema Mama Kizota.

Kapilima alivaa miwani. Aliinama. Aliupindua ule unyayo mdogo huku na huku, akaulinganisha na nakala ya muhuri iliyokuwa jaladani. Herufi zilikuwa wazi, zimejipinda kidogo kufuata kisigino: TUNAMFAHAMU.

"Muhuri ni halali," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa kupata la kukataa. Akafunga jalada. "Ukweli."

"Uwekwe wazi!" walipasuka wazazi wote, na bibi mmoja akapiga kigelegele hadi muuguzi akaja kufoka.

Sikudhani hakuwasikia. Alikuwa ameuinamia ule mguu, anaupulizia taratibu, masizi yakauke yasije yakafutika.